Kupanga Tiba ya Mionzi kwa Saratani ya Titi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Faili hadi Siku ya Kwanza Mezani

Mgonjwa wa saratani ya titi anapofika idara ya mionzi kwa mara ya kwanza, mara nyingi huwa amejiandaa kuingia kwenye mashine siku hiyo hiyo. Hushangaa anapopewa tarehe ya CT skani (picha za mwili zinazopigwa kipande kwa kipande), akapimwa, akatiwa alama za wino kifuani, kisha akaambiwa arudi nyumbani asubiri simu. Siku zinazofuata, ambazo huweza kufika kumi na nne au zaidi, humwia ngumu, kwa kuwa anaona kama ugonjwa unaendelea huku faili lake limelala mezani kwa mtu. Kumbe ndizo siku ambazo daktari bingwa, mwanafizikia tiba na mtaalamu wa mashine wanachora na kukokotoa njia ambayo kila mwale utapita mwilini mwake. Mchoro huo hufanyika juu ya mkao mmoja tu wa mwili, mkao alioulalia siku ya CT skani, na mgonjwa asipoweza kuurudia mkao huo siku zote kumi na tano za tiba, hesabu zote nzuri za kompyuta zinakuwa zimepigwa juu ya mwili wa mtu mwingine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na ndugu wanaomsindikiza, na pia kwa wauguzi na matabibu wa hospitali za wilaya wanaoandika rufaa. Hauchukui nafasi ya daktari anayemtibu mgonjwa.

Hatua ya kwanza: Kukamilisha faili

Swali la kwanza ni iwapo mgonjwa anahitaji mionzi. Aliyeondolewa uvimbe pekee na kuachiwa titi huhitaji karibu kila mara. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha wanawake zaidi ya 10,000 kutoka majaribio 17, ulionyesha kuwa ugonjwa ulirudi ndani ya miaka kumi kwa asilimia 35 ya waliofanyiwa upasuaji huo bila mionzi, na kwa asilimia 19 ya waliopata mionzi. Aliyeondolewa titi lote huhitaji mionzi ikiwa uvimbe ulizidi sentimita 5, ikiwa ulishika ngozi au ukuta wa kifua, au ikiwa tezi nne au zaidi za kwapani zilikutwa na saratani. Zikiwa tezi moja hadi tatu, madaktari hupima hali nzima ya mgonjwa, na siku hizi wengi huelekea upande wa kutoa.

Hapa kuna kosa linalojirudia sana katika hospitali zetu. Wagonjwa wengi hufika na uvimbe mkubwa, wakaanzishiwa dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, ili usinyae, kisha wakafanyiwa upasuaji, na ripoti ya patholojia (uchunguzi wa nyama iliyotolewa) ikasema uvimbe uliobaki ni sentimita moja na nusu na tezi ni safi. Anayesoma ripoti hiyo peke yake ataona ugonjwa mdogo usiohitaji mionzi, ilhali uamuzi hutegemea pia ugonjwa ulivyokuwa kabla ya dripu ya kwanza. Kwa hiyo tabibu anayemwona mgonjwa mwanzoni aandike ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, hali ya ngozi na tezi alizozigusa, na kwa ridhaa ya mgonjwa apige picha ya titi iwekwe kwenye faili. Dakika tano hizo huamua matibabu ya miezi sita baadaye.

Faili linalofika idara ya mionzi liwe na majibu ya kipimo cha kinyama. Maelezo ya upasuaji kwa mkono wa aliyeufanya. Ripoti ya patholojia inayotaja ukubwa wa uvimbe, umbali wa saratani kutoka kwenye kingo zilizokatwa, idadi ya tezi zilizotolewa na zilizokutwa na ugonjwa. Vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi. Pamoja na orodha ya dawa za kemo na tarehe ya dozi ya mwisho. Ikiwa titi limeachwa, daktari wa upasuaji aulizwe kama aliweka vibanio vidogo vya chuma mahali alipotoa uvimbe, kwa sababu bila vibanio hivyo anayechora mpango hubahatisha uvimbe ulikaa wapi.

Mgonjwa naye aulizwe, na ajibu bila kuficha, kama aliwahi kupata mionzi kifuani, kama ana betri ya moyo, kama ana ugonjwa wa ngozi kukakamaa au lupasi, kama aliwahi kuugua kifua kikuu kilichoacha makovu kwenye mapafu, na kama anaweza kuwa mjamzito. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe ujauzito kabla ya CT skani. Kuishi na virusi vya Ukimwi hakumzuii mtu kupata mionzi. Anayetumia ARV aendelee nazo kama kawaida.

Hatua ya pili: Kupanga kalenda

Mionzi huanza kidonda kikiwa kimefunga vizuri, kwa kawaida wiki nne hadi sita baada ya upasuaji kwa asiyehitaji kemo, na si vyema kuacha ipite wiki kumi na mbili. Aliyepata kemo husubiri wiki tatu hadi nne baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu dawa kama doksorubisini haziendi pamoja na mionzi. Sindano za trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, na vidonge vya homoni, kwa maelekezo ya daktari, vinaweza kuendelea.

Kwa mtu anayekaa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Kampala, kalenda hiyo ni suala la daladala na ruhusa ya kazini. Kwa anayetoka Mtwara au Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam, ni suala la mahali pa kulala kwa wiki nyingi, kwa kuwa mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, na mgonjwa haruhusiwi kuruka siku kwa sababu nauli imekwisha. Rufaa iandikwe mapema, kemo ikiwa bado inaendelea, ili nafasi ya CT skani iwe imeshikwa dozi ya mwisho inapomalizika. Familia ihesabu pia siku chache za ziada, kwa maana mashine huharibika. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda iliharibika kabisa, na nchi ikakaa bila huduma hiyo hadi mashine mpya ilipowekwa. Hilo ni tukio la kupindukia, lakini kusimama kwa siku mbili au tatu ni jambo la kawaida.

Hatua ya tatu: Bega

Naichukulia hatua hii kuwa muhimu kuliko mgonjwa anavyodhani, na kuliko hospitali nyingi zinavyoitendea. Wakati wa mionzi mgonjwa hulala chali na mkono wa upande ulioumwa ukiwa juu, nyuma ya kichwa, ili usikae kwenye njia ya miale. Baada ya upasuaji wa kwapa, bega hukaza. Mtu akiwa na maumivu huushikilia mkono tumboni, ndugu nao humfanyia kila kitu kwa huruma, na baada ya miezi mitatu mkono hauvuki usawa wa sikio. Nimewapokea wagonjwa walioletwa kutoka mbali sana na tukalazimika kuwarudisha kwenye mazoezi kwa wiki mbili, kwa kuwa mkono haukuweza kupita kwenye tundu la CT skani.

Mazoezi yaanze daktari wa upasuaji akisharuhusu, na kwa kawaida yale makubwa husubiri mrija wa kutoa maji utolewe. Mgonjwa asimame akiuelekea ukuta, atambaze vidole juu yake kama buibui hadi pale maumivu yanapomzuia, aweke alama ya mkaa mahali hapo, na kesho yake ajitahidi kuivuka. Akiwa amelala chali, ashike mpini wa ufagio kwa mikono miwili aupeleke taratibu nyuma ya kichwa, akiuacha mkono mzima uuvute ule mwingine. Achane nywele zake mwenyewe. Arudie mara tatu kwa siku. Kipimo cha kuwa tayari ni kulala chali, mikono yote juu, kwa dakika ishirini bila kutetemeka.

Maji yakijikusanya chini ya kovu au kwapani, yaonwe na daktari kabla ya siku ya CT skani. Yakinyonywa baada ya picha kuchukuliwa, kifua kitakuwa kimebadilika umbo.

Hatua ya nne: Siku ya CT skani ya kupangia

CT skani hii haifanani na ile ya kutafuta ugonjwa. Mara nyingi haihitaji kufunga kula wala kudungwa dawa ya rangi, na meza yake ni ngumu na bapa kama ile ya mashine ya mionzi. Mgonjwa aje na nguo inayofunguka mbele au kanga mbili, aache nyumbani mkufu na herini ndefu, na kama amevaa hirizi aivue mwenyewe aihifadhi. Anayetaka kuhudumiwa na mwanamke aseme mapema, wakati wa kupewa tarehe.

Nywele nazo zina neno. Msuko mkubwa au fundo lililofungwa kisogoni huinua kichwa na kubadilisha mkunjo wa shingo, jambo linaloleta tofauti ikiwa tezi za juu ya mtulinga zitatibiwa. Ningeshauri nywele zisukwe kwa mtindo wa chini, wa kulala kichwani, na zisibadilishwe mpaka tiba iishe.

Mgonjwa hulazwa juu ya ubao wenye mteremko, unaoinua mgongo mpaka mfupa wa kidari ulale sawa na meza. Mikono huwekwa kwenye vishikio vyenye namba, na mto huwekwa chini ya magoti ili asiteleze. Kila namba ya ubao huandikwa. Hapo ndipo mtaalamu humwambia, “Mama, usinisaidie. Jiachie mzito, sisi ndio tutakusogeza.” Ombi hilo huwashangaza waliozoea kujisogeza kwa heshima, lakini mwili uliojikaza kwa kusaidia hulegea baada ya dakika tano, na alama zote zikahama.

Waya mwembamba hubandikwa juu ya kovu na kulizunguka titi ili vionekane kwenye picha. Picha huchukuliwa kuanzia kidevuni hadi chini ya mapafu, kila kipande kikiwa na unene wa milimita 3 hadi 5. Kisha mistari ya leza hutumiwa kuweka alama, kwa kawaida nukta tatu, moja katikati ya kifua na moja kila ubavu, kwa tatuu ndogo kama kichwa cha pini au kwa wino. Kwenye ngozi yetu nyeusi nukta ya tatuu hupotea kati ya vidoa vya kawaida, na nimeona dakika kumi zikiishia kwenye kuitafuta kwa tochi. Ni busara kuandika kwenye faili umbali wake kutoka kwenye baka au kovu linaloonekana. Alama za wino zisisuguliwe kwa dodoki, na zikififia mgonjwa asizikoleze mwenyewe kwa kalamu.

Aliyeumwa titi la kushoto huweza kufundishwa kuvuta pumzi ndefu na kuishikilia kwa sekunde ishirini hivi. Pafu likijaa hewa, moyo husogea nyuma na chini, mbali na ukuta wa kifua. Kama kituo kina njia hiyo, afanye mazoezi nyumbani wiki moja kabla. Mwenye titi zito linaloangukia kwapani anaweza kulazwa kifudifudi ikiwa ubao maalumu upo.

Hatua ya tano: Kuchora

Kifua chenye urefu wa sentimita 30 kikikatwa kwa milimita 3 huzaa vipande 100, na daktari huchora karibu kwenye kila kimoja. Huchora titi lililobaki au ukuta wa kifua, mahali uvimbe ulipotolewa, na tezi zinazostahili kutibiwa, yaani za kwapani, za juu ya mtulinga na pengine zile zilizo kando ya mfupa wa kidari. Huchora pia vitu vya kulinda: mapafu yote mawili, moyo, titi la pili na kichwa cha mfupa wa bega.

Pasipo na CT skani, mipaka huwekwa kwa macho na mikono: katikati ya kifua kwa ndani, mstari wa katikati ya kwapa kwa nje, chini ya kichwa cha mtulinga kwa juu, na sentimita 1 hadi 2 chini ya mkunjo wa titi kwa chini. Njia hii ya zamani imetibu wanawake wengi na haifai kudharauliwa, ingawa haioneshi moyo ulikaa wapi hasa.

Hatua ya sita: Dozi na idadi ya siku

Dozi hupimwa kwa grei. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa grei 50 kwa vipindi 25, yaani wiki tano. Majaribio ya Uingereza yalionyesha kuwa grei 40 kwa vipindi 15, yaani wiki tatu, huzuia ugonjwa vilevile bila kuongeza madhara, na majaribio ya Kanada yalifikia jibu kama hilo kwa grei 42.5 kwa vipindi 16. Mwaka 2020 jaribio jingine la Uingereza lilitoa matokeo ya miaka mitano ya grei 26 kwa vipindi vitano tu, ndani ya wiki moja, kwa titi au ukuta wa kifua. Wenye umri mdogo au ugonjwa mkali huongezewa grei 10 hadi 16 mahali uvimbe ulipokuwa.

Wapo wagonjwa wanaodhani kupewa siku 15 wakati jirani alipewa 25 ni kupunjwa. Dozi ya kila siku ndiyo iliyoongezwa, kutoka grei 2 hadi 2.67. Kwa aliyepanga chumba mbali na kwao, tofauti hiyo ni wiki mbili za kodi, chakula na watoto walioachwa kwa bibi, kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari, “Je, mpango wa wiki tatu unanifaa? Kama haunifai, ni kwa sababu gani?”

Hatua ya saba: Kupanga miale

Mwanafizikia tiba hupokea michoro na kuelekeza miale miwili ikabiliane, mmoja kutoka ndani na mwingine kutoka nje, ipite kwa mshazari ikilikwangua titi bila kuzama kifuani. Kifua ni cha mviringo na miale imenyooka, kwa hiyo kipande cha pafu hakikwepeki. Unene wa pafu unaoonekana ndani ya mwale hupimwa, na ukikaribia sentimita 3 mpango huangaliwa upya. Tezi zinapotibiwa kwa vipindi 25, wengi huhakikisha kuwa sehemu ya pafu la upande huo inayopata grei 20 au zaidi haivuki asilimia 30 hadi 35.

Moyo hauna kiwango salama cha kuegemea. Utafiti wa Sweden na Denmark uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kila grei moja inayoongezeka kwenye wastani wa dozi ya moyo huongeza hatari ya magonjwa makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, na mwenye shinikizo la damu au kisukari huanza akiwa tayari na hatari kubwa. Ndiyo maana presha na sukari ziwekwe sawa wakati huu wa kusubiri.

Dozi ndani ya titi itandazwe kati ya asilimia 95 na 107 ya iliyoandikwa. Titi ni nene karibu na kifua na jembamba karibu na chuchu, hivyo bila kabari au vimwale vidogo vya nyongeza, sehemu za pembeni hupata dozi kubwa zaidi, na ngozi ya mkunjo wa chini na ya kwapani ndiyo hulipa. Mwale wa tezi za juu ya mtulinga usipishane na miale ya titi, kwa maana mahali pa kupishana hupata dozi mara mbili na baadaye nyama hukakamaa. Suluhisho ni kufunga nusu ya kila mwale ikutane kwenye mstari mmoja. Kwa aliyeondolewa titi, ngozi yenyewe huenda ikahitaji dozi kamili, na kwa kuwa mwale wa megavolti 6 hufikia ukali wake kwenye kina cha sentimita 1.5, hulazwa juu ya kovu utando wa milimita 5 au sentimita 1 unaoiga nyama.

Hatua ya nane: Ukaguzi na siku ya kwanza

Mpango hausomwi na aliyeutengeneza pekee. Mwanafizikia wa pili hukokotoa tena, daktari hutia saini, na upande wa kushoto au kulia hulinganishwa na faili la upasuaji. Mgonjwa asichukie akiulizwa jina lake na upande unaouma kila siku. Akiona hakuulizwa, aseme mwenyewe.

Siku ya kwanza huchukua muda mrefu, kwa sababu picha hupigwa mezani na kulinganishwa na ya kompyuta, na tofauti ikizidi takribani milimita 5 mkao hurekebishwa kwanza. Siku nyingine ni dakika kumi hadi kumi na tano, na mwale wenyewe ni dakika chache. Mitaani husemwa “kuchomwa mionzi”, neno linalotisha bure, kwani mwale hausikiki wala hauumi, na mgonjwa akitoka chumbani hana mionzi yoyote mwilini. Ambebe mjukuu wake bila hofu. Ngozi huanza kuwasha na kuwa nyeusi zaidi kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, avae pamba isiyobana, asiikande kwa maji ya moto, asijifukize, wala asipake dawa ya miti shamba bila kumwambia daktari.

Mambo matatu yanapotokea katikati ya tiba, mpango uliopo hukaguliwa kabla ya kuendelea, na pengine CT skani hurudiwa: titi likivimba au maji yakijaa chini ya kovu, uzito ukipungua kiasi cha nguo kulegea, na bega likikaza tena mpaka namba ya kishikio cha mkono iliyoandikwa siku ya kwanza isifikike.